Nilimficha Mkwe Wangu Jicho Langu Mpaka Likazimika

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na tisa, ni mjane, ninaishi Ruashi, hapa Lubumbashi. Maneno haya ninayatamka tu. Anayeandika ni jirani yangu Mama Safi, kwa sababu mimi siwezi tena kuona mstari kwenye karatasi. Mkono wa kuandika bado ninao. Mdomo ndiyo usiseme, waulizeni wanaonijua! Kilichoniondoka ni macho... Jicho la kuume limekufa kabisa. La kushoto limebaki na ukungu, na kila mwezi ukungu unaongezeka.

Msifikiri nimerogwa. Hapa kwetu mtu akipata shida, kabla ya jua kuzama ameshapewa jina la mchawi wake: shangazi, jirani, mke mwenza. Wangu sina haja ya kumuuliza mtu. Ni ukaidi wangu mwenyewe, niliouvika nguo nzuri nikauita heshima.

Nilizaliwa hapa hapa mjini. Baba yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, akaoa, akazaa, akazikwa hapa. Mimi nilijifunza kushona kwa masista nikiwa msichana, na mashini yangu ndiyo iliyonilisha. Bwana wangu alipofariki nilibaki na mtoto mmoja tu, Mado. Nilimsomesha kwa kushona vikwembe, yaani vitenge, vya harusi za watoto wa wengine, nikimwomba Mungu anifikishe kwenye harusi yake. Akanifikisha.

Mume wa Mado ni kijana wa kwetu, wazazi wake pia ni wa Kasai. Ni fundi wa umeme. Jina lake sitalitaja, na si kwamba nimelisahau. Kwa desturi yetu mama mkwe hatamki jina la mume wa binti yake. Mtoto wao Gloria alipozaliwa nilimshukuru Mungu mara mbili, maana nilipata jina la kumwita: Baba Gloria. Kabla ya hapo nilikuwa ninasema "yule".

Yule yule ndiye aliyejenga nyumba hapa Ruashi, tofali kwa tofali, akasema nisibaki peke yangu kwenye nyumba ya kupanga. Akanijengea chumba changu nyuma, ndani ya lupango lao, uzio mmoja na wao. Ni wakwe wangapi wanaofanya hivyo?

Sasa niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa upumbavu wangu. Kwetu mkwe anaitwa buko, na buko ni mtu wa kuonewa haya. Mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali pamoja. Mwanaume haingii chumbani kwa mama. Wakikutana njiani, mmoja anapisha na kugeuza uso. Na kubwa kuliko yote, hawatazamani machoni. Kumtazama buko machoni ni kama kumvua nguo.

Siku hizi vijana wa mjini wanacheka. Kuna wamama wanaocheza dansi na wakwe zao kwenye harusi, na picha wanapigwa! Mimi nilikuwa ninatema mate chini nikiwaona. Mimi niliyezaliwa mjini, niliyefika Kasai mara moja tu katika maisha yangu, nilikuwa mkali kuliko wazee waliobaki kijijini! Baba Gloria akitoka kazini alikuwa anapiga makofi kwanza nje ya lango ili nipate muda wa kuingia ndani. Nilikuwa ninayapenda yale makofi. Yaliniambia kwamba mimi ni mama mwenye thamani.

Lakini desturi yenyewe ina mlango wa kutokea. Mkwe akileta kuku au mbuzi, na ndugu mwanaume wa mama akampokea mbele ya mashahidi, haya inaondolewa. Mnaweza kusalimiana, kula meza moja, kutazamana. Baba Gloria aliomba jambo hilo kupitia kwa Mado, zaidi ya mara moja. Nilijibu kwamba bado. Bado nini? Hata mimi sikujua.

Macho yalianza na ukungu mdogo. Nilidhani ni uchovu wa kushona. Nikawa ninapitisha uzi kando ya tundu la sindano, ninamwita msichana ninayemfundisha kazi anisaidie, ninamwambia mikono yangu ina mafuta. Siku moja nilimshonea mama mmoja mkono wa blauzi, upande wa ndani ukiwa nje. Akaivaa mbele yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Nilicheka naye. Alipoondoka nilifunga mlango nikalia.

Mado alinipeleka hospitali kwa nguvu. Dokta akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na nimechelewa sana, lenzi zimeshakuwa ngumu kama jiwe. Tuanze na la kuume, ndilo baya zaidi. Alisema upasuaji ni wa muda mfupi. Wangu haukuwa mfupi! Nilikuwa macho, nimefunikwa uso, ninasikia sauti zikibadilika juu yangu... Kwanza walikuwa wanapiga stori. Halafu wakanyamaza. Halafu dokta akaanza kuomba vyombo kwa sauti ya chini, haraka haraka. Jamani! Kama kuna kitu cha kutisha hapa duniani ni dokta anayenyamaza huku mkono wake uko ndani ya jicho lako.

Baadaye alinieleza bila kunificha. Kifuko chembamba kinachoshika lenzi kilipasuka, ute wa ndani ya jicho ukasogea mbele, na hakuweza kuweka lenzi ya bandia. Ataiweka baada ya miezi, jicho likitulia. Akasema jicho langu sasa ni kama mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati: linaweza kuishi vizuri, lakini halisamehe uzembe. Dawa mbili za matone, kila baada ya saa mbili, mchana kutwa. Nisiiname. Nisiliguse. Na nisijitie dawa mwenyewe. Anitilie mtu mwingine, mwenye mikono safi na macho mazima. Maumivu yakianza, nirudi siku hiyo hiyo.

Kesho yake walipofungua bandeji... niliona! Si vizuri, hapana. Bila lenzi kila kitu kilikuwa kimevimba na kuyeyuka pembeni. Lakini niliona ndoo ya bluu. Bluu yenyewe, ile niliyokuwa nimeisahau! Nikaona mkono wa Mado ukinipungia. Nikalia, muuguzi akanigombeza kwamba machozi ni marufuku. Siku ile nilijua kwamba nitakaa tena mbele ya mashini yangu.

Hiyo ndiyo siku yangu nzuri ya mwisho. Ikumbukeni, maana hakuna nyingine.

Nyumbani Mado alinitilia dawa kwa uaminifu, mtoto mgongoni, simu inalia kila saa. Mado anauza unga anaouleta kutoka Zambia. Mzigo wake ulikuwa umezuiwa mpakani Kasumbalesa, na karani wa forodha alitaka mwenyewe afike. Akasema anakwenda na kurudi. Alimwomba Mama Safi awe anakuja kunitilia dawa, akaondoka na Gloria wake.

Mama Safi ni mama wa Kiislamu, familia yao ni ya Maniema, na mikono yake ni myepesi. Siku ya kwanza hakukosa hata mara moja. Siku ya pili asubuhi dada yake mkubwa akafariki. Kilio kilikuwa upande mwingine wa mji, asingeweza kuwa huku na huko. Alisimama mlangoni kwangu analia, anauliza sasa nani atanitilia dawa. Nikamwambia aende kwa amani, dada yake Baba Gloria yuko njiani anakuja. Hakuna dada aliyekuwa njiani! Nilimdanganya ili asinitajie mtu ambaye alikuwa palepale uani, anatengeneza pasi iliyoungua.

(Mama Safi ameacha kuandika hapa, anajifuta machozi. Andika, mama! Nimeshakwambia kosa si lako.)

Msichana wangu wa kushona nilikuwa nimemruhusu akae kwao mpaka jicho lipone. Baba Gloria hakwenda kazini siku zile. Alibaki nyumbani kwa ajili yangu. Alikuja nje ya dirisha langu, akasimama amenipa mgongo kama desturi inavyotaka, akauliza:

"Mamu, ile dawa nani anakutia leo?"

Nikamjibu kwamba ninajitia mwenyewe, na kwamba mwanaume asihangaike na mambo ya wanawake.

Kujitia mwenyewe! Nililala chali, nikashika chupa... jicho moja limefunikwa na ukungu, jingine ni kidonda. Tone la kwanza likaanguka puani. La pili kwenye nyusi. La tatu nilisikia baridi shavuni, nikasema labda limeingia. Nikawa ninaisogeza chupa karibu zaidi, karibu zaidi, mpaka ncha yake ikagusa jicho lenyewe. Na ile chupa nilikuwa ninaiweka wapi? Chini ya mto, haina kifuniko, maana kifuniko kilianguka sakafuni na mimi nimekatazwa kuinama!

Mado alipiga simu. Mama, dawa? Imetiwa, mwanangu. Na jicho? Linaendelea vizuri, wewe fanya kazi yako. Kule foleni ya malori haikusogea, karani leo yupo kesho hayupo, na mtoto wangu alikaa na moyo wake mweupe akijua mama yake yuko kwenye mikono mizuri.

Baba Gloria hakudanganyika. Alikuwa ananisikia nikigumia. Akarudi dirishani na wazo.

"Mamu, ufunike uso yote na kikwembe. Ukate katundu kadogo paka fasi ya jicho. Miye sitaona uso. Nitatia dawa, nitatoka."

Tundu dogo mahali pa jicho tu! Haki ya Mungu, niliwaza. Mkasi ulikuwa karibu, mimi ni fundi, tundu la namna hiyo ningelikata nimefumba macho. Lakini nikajiuliza, yule atatazama nini kupitia lile tundu? Si jicho? Na jicho ndilo hasa asiloruhusiwa kulitazama! Uso ungekuwa nafuu. Nikamwambia aondoke dirishani kabla sijamsemea kwa wakubwa.

Mnacheka? Chekeni. Mimi nilikuwa ninajiona nina akili sana.

Kesho yake jicho likaanza kuuma... kuuma kwenyewe, kama mtu yuko ndani anasukuma kwa kidole gumba atoke. Dokta alisema nirudi siku hiyo hiyo. Kurudi na nani? Nikae kwenye taksi moja na buko, bega kwa bega? Nikanywa vidonge vya kichwa. Mchana nikasikia kuku analia dirishani. Baba Gloria alikuwa amekwenda sokoni, amenunua kuku mkubwa, amemshika miguu.

"Mamu, kuku njo hii. Haya iishe leo. Uniachie nikutie dawa, ao nikupeleke ku hospitali. Nakuomba. Niko napiga magoti huku inje."

Wasomaji, ninyi mngefanya nini? Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yangu, kuku mwenyewe yupo anapiga kelele! Nami nikasema mama hapokei kuku wa buko kwa mkono wake. Anapokea ndugu wa kiume. Ndugu yangu wa kiume ni mmoja, kaka yangu mkubwa, ninamwita Yaya, na yeye yuko Pweto kwenye biashara yake ya samaki wakavu. Basi apigiwe simu kwanza.

Tulimtafuta mchana kutwa. Akiwa ziwani simu yake haishiki. Jioni akapokea. Baba Gloria aliiweka simu dirishani, akaongeza sauti, sote wawili tukasikia. Nilimweleza kwamba jicho linauma, kuku yupo, ninaomba ruhusa tu. Yaya akanguruma:

"Musiguse kitu! Kuku moja ya nini? Miye njo mukubwa. Mungoje nakuya, tutaikala na bantu, tutafanya muzuri."

Nikasema, umesikia mwenyewe. Nilimsikia tu kuku akiachiwa, akikimbia uani.

Yaya alichukua muda wake. Kwanza auze samaki, kwanza apate lori, kwanza mvua ipungue barabarani. Jicho halikumngoja. Asubuhi moja niliamka sioni hata mwanga wa dirisha. Usaha umeganda kwenye kope, kichwa kinapasuka, ninatapika. Nadhani nilipiga kelele. Mlango ukasukumwa... na mikono ya mwanaume ikaninyanyua kitandani, ikaniweka mgongoni kama mtoto.

Na mimi nikafanya nini? Nilimpiga! Nilimpiga ngumi za mgongo na za kichwa, ninaulilia mtaa mzima: "Bantu mukuye! Buko ananigusa! Mungu wangu, buko ananigusa!" Watu wakatoka kwenye malango yao. Wengine walicheka, wengine waliinua simu zao wapige picha. Yeye alitembea katikati yao mpaka barabarani kwenye taksi. Shingo yake ilikuwa imelowa. Sijui kama lilikuwa jasho lake au ulikuwa usaha wangu.

Dokta alilifunua jicho, akakaa kimya. Ukimya ule niliutambua. Akauliza nani alikuwa anatia dawa. Nikasema mimi. Akauliza kama nyumbani hakuna mtu. Nikasema yuko mmoja tu, lakini ni buko. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Walinichoma sindano ndani ya jicho, ndani kabisa, na siku zilizofuata wakanichoma tena. Usaha ulitulia. Mwanga haukurudi. Dokta aliniambia anawasha tochi, niseme inatoka upande gani, nami nikawa ninabahatisha: juu... kulia... sasa kushoto. Kumbe alikuwa ameshaizima.

Mado aliutupa mzigo wake Kasumbalesa akaja mbio. Aliniangalia, akamgeukia mume wake palepale mbele ya wauguzi. Wewe ulikuwa mwanaume nyumbani, ukaangalia mama yangu anaoza! Kwa nini hukumbeba siku ya kwanza? Yeye akasema tu, "Alikataa." Mado akamtupia neno moja ambalo sitalirudia, neno linalomhusu mama yake mzazi aliyefariki. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno lile ni hivyo hivyo.

Nililala pale ninawasikia. Nilitaka kusema mwachie, mwanangu, mwenye kosa ni mimi. Nilisema, lakini baadaye, wakati walikuwa wameshaumizana vya kutosha. Mado alinijibu kwamba mtoto wa kulea yuko mmoja tu nyumbani, na mimi si yeye.

Halafu Yaya akafika, na wazee wawili. Nilidhani amekuja kulia pamoja nami. Alikuja kuhukumu! Buko amembeba mama mkwe mbele ya mtaa wote, ni aibu ya ukoo, anatakiwa mbuzi. Baba Gloria akamkumbusha ile simu, kwa adabu, macho chini. Yaya akawageukia wazee, sauti tamu kama asali:

"Miye nilimuambia akubali. Ni dada yangu njo mwenye kichwa nguvu."

Mungu ananiona! Ndugu wa tumbo moja! Tuliochangia sahani moja ya bukari, ugali wetu, tukiwa watoto! Nilikuwa nimekaa palepale, bandeji usoni, na ulimi ninao. Ningesema tu: Yaya, unadanganya. Sikusema. Kumwaibisha mkubwa wangu mbele ya buko? Haya tena! Niliinamisha kichwa, nikamwacha mtu aliyenibeba ahukumiwe kwa kunibeba.

Baba Gloria alileta mbuzi, Yaya akampokea mbele ya wazee. Wakala, wakashiba. Yaya alifungiwa paja la kurudi nalo Pweto.

Tangu hapo nyumba haikuwa nyumba tena. Mado na mume wake walikuwa wanaongea kupitia kwa mtoto: mwambie baba yako, mwambie mama yako... na mtoto hata kusema hajajua! Baada ya muda Baba Gloria akapata kazi Kolwezi. Anatuma matumizi, anapiga simu kumsikia mwanawe, lakini kurudi harudi. Mado akisikia simu yake anatoka uani.

Siku ya kuondoka alikuja chumbani kwangu. Hakupiga makofi, kwa kuwa mbuzi ameshaliwa na haya imekwisha. Akaketi kwenye kiti cha mashini, karibu mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake.

"Mamu," akasema, "sasa unaweza kuniangalia."

Niliinua uso. Mara ya kwanza tangu alipomwoa mtoto wangu! Nikaangalia kwa jicho lililobaki, kwa nguvu zangu zote... Niliona weupe wa mlango, na ndani ya weupe kitu cheusi. Hakina pua, hakina mdomo, hakina macho. Nikamwambia, ninakuona, mwanangu. Akasema asante. Akaenda zake.

Mnauliza maisha yangu sasa yakoje? Ninamimina chai nikiwa nimeingiza kidole ndani ya kikombe. Kidole kikiungua ninajua imejaa. Ngazi ya mlango wangu ni moja tu na bado inanidanganya, mguu unashuka mahali ambapo hakuna kushuka. Jua la mchana ni kama mtu ananimwagia maziwa machoni, sioni kitu. Jioni, kabla ya taa, ninaona kidogo, basi mambo yangu yote ninayasukuma hapo. Samaki sili tena, ninaogopa miba. Mtu ananisalimu njiani, ninamwitikia kwa furaha, halafu ninamuuliza jina, naye ananuna kwamba ninajivuna.

Mashini yangu anaitumia yule msichana niliyemfundisha. Ninakaa kando yake ninasikiliza. Wateja wanaingia, wanamsalimu yeye kwanza. Wengine hawajui kwamba mimi ndiye niliyekuwa fundi.

Dokta anasema jicho la kushoto linaweza kupasuliwa. Lakini lenzi yake ni ngumu kama ya mwenzake, hatari ni ile ile, na likiharibika hakuna jingine. Anataka nilazwe hospitali mpaka lipone kabisa. Mado anasema nikubali, anasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nami nikilala chali ninavisikia tena vile vyombo, ninawasikia wanavyonyamaza... na moyo unakataa. Nikikaa, giza linakuja. Nikienda, huenda likaja mapema. Mtu achague nini hapo? Wanaoniambia Mungu yupo ninawaitikia amina. Mungu alikuwepo na siku ya kuku pia.

Ninyi mnaosoma, wamama wenzangu hasa, ninawaomba kwa huruma zenu. Desturi zetu ni nzuri, sikatai, mimi mpaka leo simtaji kwa jina. Lakini mgonjwa hana buko! Dokta akisema dawa itiwe, itiwe na mkono wowote ulio karibu, wa mkwe, wa jirani, wa mpita njia. Kama kuna haya ya kuondolewa kwa kuku, iondoeni mapema mkiwa wazima, msingoje ndugu aliye mbali anayependa kuitwa mkubwa. Na ukimdanganya mwanao kwamba dawa imetiwa, jicho hulidanganyi. Nawe mkwe, mama akikukataa, mbebe. Atakupiga, atakulilia mtaa mzima. Wewe mbebe tu.

Gloria sasa anatembea. Anakuja kushika magoti yangu, ananiinulia uso wake nimbusu. Wageni wakifika wote wanasema neno moja: huyu mtoto ni baba yake mtupu, uso ule ule! Mado anaingia ndani. Mimi ninamshika mashavu, ninasema ndiyo, ni kweli, wamefanana.